Sifa za Fundi wa Kofia ya Jino

Gego likishaoza na kumeguka, wengi wetu huwa tumelihukumu hata kabla ya kufika kwa daktari: ling'olewe, maumivu yaishe. Kazi ya koleo inajulikana na kila mtu. Kazi ya kulivika jino kofia inajulikana na wachache, na wanaoifanya hawaimbwi popote. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatwa hufunga kovu. Gamba la juu la jino, ambalo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, halioti tena, kwa sababu seli zilizolijenga hutoweka jino linapochomoza. Tundu dogo huzibwa, basi. Lakini gego lililobakiwa na kuta nyembamba, au lililosafishwa mizizi na kuachwa na uwazi mkubwa ndani, likizibwa tu laweza kupasuka siku yoyote. Kofia hulizunguka lote na kuzishika kuta zake pamoja, kama noleo linavyoubana mpini wa kisu usipasuke.

Ili kuliokoa jino, daktari hulazimika kwanza kulipunguza. Hukata karibu milimita 1.5 hadi 2 juu, na kidogo zaidi ya milimita moja pembeni, akiziacha kuta ziegemee ndani kwa kiasi. Zikiegemea mno, kofia itavuka. Zikipanuka kuelekea juu, haitaingia. Na juu ya ufizi sharti abakize ukanda wa jino zima wa karibu milimita 2, maana hapo ndipo kofia inaposhika. Sijui kazi nyingi ambamo mtu anakata kwa ujasiri namna hiyo huku akihurumia kila chembe.

Kisha huchukuliwa chapa ya jino, nayo hupelekwa kwa fundi wa maabara ambaye mgonjwa huenda asimwone maisha yake yote. Kwa njia ya zamani, yeye humimina jasi ndani ya chapa, apate mfano wa jino, halafu juu ya mfano huo huchonga kofia ya nta: mabonde, vilima, hata mfereji mdogo ambamo chakula kitapita. Nta hufunikwa kwa unga maalumu unaostahimili moto, huyeyushwa itoke, na dhahabu huingizwa palepale ilipokuwa. Masonara walikuwa wakisubu hivyo maelfu ya miaka. William Taggart, daktari wa meno wa Chicago, aliieneza mbinu hiyo katika utabibu wa meno kuanzia mwaka 1907. Enzi zilezile, Charles Land wa Detroit alikuwa akichoma kofia za kaure katika tanuri. Mjukuu wake, Charles Lindbergh, ndiye aliyeruka peke yake kwa ndege kutoka New York hadi Paris mwaka 1927, naye utotoni alikuwa akishinda katika maabara ya babu huyo.

Siku hizi kofia nyingi ni za zirkonia, aina ya kauri ngumu, na huchongwa na mashine. Hata hivyo mashine huichonga kubwa kuliko inavyotakiwa, kwa sababu ikichomwa kwa nyuzi zipatazo 1,500 za Selsiasi itasinyaa kwa karibu robo au moja ya tano, na mtu lazima ajue itasinyaa kiasi gani. Rangi nayo bado inataka jicho. Jino halina weupe mmoja: shingoni lina umanjano, ukingoni linapitisha mwanga. Kwa gego la nyuma, mimi bado nasimama upande wa dhahabu. Pwani tumeizoea kama pambo la jino la mbele, kumbe sifa yake kubwa iko nyuma kusikoonekana, kwa kuwa hutosha ikiwa nyembamba na hailili sana jino linalokutana nayo.

Kinachomtofautisha fundi hodari ni ukingo, pale kofia inapokutana na jino. Kofia haiozi. Jino lililo chini yake huoza, na huanzia kwenye ufa wa ukingoni usioonekana kwa macho. Halafu kuna kuuma. Unywele mmoja ukikaa kati ya magego tunauhisi mara moja, hivyo kofia iliyozidi kidogo tu itamsumbua mtu kila anapofumba kinywa. Daktari humpa karatasi ya rangi aiume, hutazama alama, husugua, humpa tena. Asiye na subira asiishike kazi hii.

Kofia si rahisi kwa bei, nami simlaumu aliyeshindwa kuilipia. Ila wewe ambaye gego lako limepasuka, kabla hujakubali koleo, muulize daktari kama mizizi ni mizima na kama ukuta uliobaki juu ya ufizi unatosha. Akikujibu ndiyo, omba livikwe kofia. Na likishavikwa, lipige mswaki kila usiku, hasa pale kofia inapokutana na ufizi.