Kache Njema Hujulikana Seva Inapozimwa

Seva ikikaa miezi mitatu bila kuguswa, kache yoyote itaonekana hodari. Kwa hiyo ninapoitwa kukagua kazi ya fundi wa tovuti, kabla ya kusoma msimbo naomba aizime seva, aiwashe, tupime maombi ya mwanzo yanachukua muda gani. Na kabla hajaizima, namuuliza: nini kitapotea, nini kitabaki? Fundi mzuri hujibu papo hapo, akitaja kitu kimoja kimoja. Anayesema “tutaona” bado hajaijua kazi yake.

Kupotea kwenyewe si kosa. Memcached, ambayo Brad Fitzpatrick aliitengeneza mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, iliundwa iweke vitu kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa kawaida ikizimwa husahau yote. Kosa ni kuitwika kitu kisichopatikana kwingine, kama kikapu cha mnunuzi. Kache safi hushika tu vile vinavyoweza kutengenezwa upya.

Kwa Redis, ambayo nayo huweka vitu kwenye kumbukumbu, wengi hujidanganya, kwa sababu inajua kuandika diskini. Njia zake ni mbili: kupiga picha ya data yote kila baada ya muda, au kuandika kila badiliko kwenye daftari. Njia ya pili haiji imewashwa. Asiyeiwasha, umeme ukikatika ghafla, hupoteza yote yaliyoingia tangu picha ya mwisho. Aliyeiwasha na kuagiza daftari lisukumwe diskini kila sekunde hupoteza takriban sekunde moja. Kwa kache, yote mawili yanakubalika. Ninachotafuta ni dalili kwamba kuna mtu aliyekaa akachagua.

Diski nayo isiaminiwe kwa jina tu. Kwenye Linux, huduma iliyowekewa PrivateTmp na systemd hupewa /tmp yake peke yake, na vilivyomo hufutwa huduma ikisimamishwa. Kontena ikifutwa na kuundwa nyingine, kila kilichoandikwa ndani yake, nje ya voliumu, huenda nayo.

Lakini ugonjwa unaonifundisha zaidi kuhusu mkono wa fundi ni huu: mafaili yamesalimika, yapo palepale, ila hakuna anayeyasoma. Nilikesha mara mbili kwa ajili yake. Programu ilikuwa ya Python, na majina ya funguo yalitengenezwa kwa hash(). Tangu Python 3.3, ya mwaka 2012, hash() ya maandishi huchanganywa na namba ya bahati nasibu inayobadilika kila programu inapoanza. Jana ukurasa ulihifadhiwa kwa jina moja, leo unatafutwa kwa jina jingine kabisa. Dalili yake ni folda inayonenepa kila seva inapowashwa upya, huku maombi ya mwanzo yakibaki mazito vilevile. SHA-256 ingetoa jina lilelile jana, leo na kwenye mashine ya jirani.

Upande wa pili ni kache inayong’ang’ania. Umepachika toleo jipya, umewasha upya mara tano, bado sura ya zamani ndiyo inayoonekana. Mara nyingi seva haina hatia: kivinjari cha msomaji kiliambiwa kitunze faili kwa sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima, na kuwasha seva upya hakumfikii mtu huyo. Kazi nzuri huweka alama ya yaliyomo ndani ya jina la faili, ili yakibadilika jina libadilike. Ukurasa wenyewe huwekewa no-cache, ambayo maana yake ni “uliza kwanza kabla ya kutumia”, wala si “usihifadhi”. Ndani ya Redis vilevile, ufunguo ubebe namba ya toleo, la sivyo msimbo mpya utafungua kifurushi kilichofungwa na msimbo wa zamani na kuanguka.

Baada ya hayo narudi kwenye ile sekunde ya kwanza. Kache ikiwa tupu, watu mia wanaweza kuomba ukurasa mmoja kwa pamoja, na wote mia wakaikimbilia hifadhidata. Kwa hiyo natuma maombi mia kwa mkupuo mmoja, kisha nafungua logi ya hifadhidata na kuhesabu swali lilelile limeulizwa mara ngapi. Nikikuta mara moja tu, tisini na tisa wakiwa wamesubiri jibu la mwenzao, namwomba fundi anionyeshe alivyoiweka kufuli iliyowasubirisha.