Sura ya Asiyeonekana

Kiumbe ambaye hakuna aliyemwona ndiye mgumu kuliko wote kuchorwa. Mchoraji wa ng'ombe aweza kusahihishwa na mchungaji yeyote apitaye njia, lakini mchoraji wa jini hana wa kumsahihisha ila masimulizi. Kwa hiyo, tuzipimapo picha za nguva, majini na viumbe wengine wa ajabu, yatupasa kuuliza: picha hii yayatii masimulizi ya nani? Nataka kulijaribu swali hili kwa kisiwa cha Pemba, ambacho sifa yake ya uganga na mambo ya siri imefika mbali, hata mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh akaitaja katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931.

Kilichonisukuma kuandika ni picha moja niliyoiona katika duka la vitu vya wageni mjini Unguja. Ilikuwa ni bibi mweupe aliyeketi juu ya mwamba, nywele zake za manjano zimemfunika kifua, kioo mkononi, na mkia wa samaki wa rangi ya kijani umejikunja chini yake. Pembeni paliandikwa: Nguva wa Pemba. Kazi ya mkono ilikuwa safi, na rangi zilipangwa kwa akili. Nikamwuliza muuzaji kisa cha bibi huyo. Akanijibu kwa upole kuwa hana kisa. Wageni humpenda, basi. Jibu hilo halikunitoka moyoni kwa siku nyingi.

Masimulizi ya Pemba, kwa kadiri nilivyoyasikia, yana desturi yake: aghalabu humtambulisha kiumbe wa siri kwa alama zake kuliko kwa sura yake. Magharibi ya Chake Chake kipo kisiwa kidogo cha Misali. Yasimuliwa kuwa Mtume Hadhara, yaani Khidhri, aliwatokea wavuvi pale akaomba msala wa kuswalia. Msala haukuwapo. Akasema kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea Kibla, kitakuwa msala wake. Hadithi hii, kama nilivyosimuliwa, haitaji kimo cha mgeni yule wala rangi ya kanzu yake. Yatuambia alichoomba na alichokigeuza, nasi twamjua kwa hayo.

Kadhalika Popobawa. Mwaka 1995 hofu yake ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja. Jina lenyewe ni popo na bawa, na husemwa kuwa limetokana na kivuli chake. Waliosimulia walitaja uzito uliowaelemea usingizini, harufu mbaya, na viungo vilivyokataa kusogea. Watu wengi walitoka majumbani wakalala nje pamoja, moto ukiwaka katikati yao. Walakini picha zilizochorwa ng'ambo humwonyesha popo mkubwa mwenye jicho moja katika paji la uso, kama jitu la hadithi za Kiyunani. Huyo aweza kumchekesha mtoto. Yule wa uzito na harufu aliwatoa watu wazima vitandani mwao.

Hata mawe yatoa ushahidi. Katika magofu ya ngome ya Pujini, ambayo wenyeji huinasibisha na Mkama Ndume, na ambayo yahesabiwa kuwa ya karne ya 15, kimo chumba cha chini ya ardhi, na ukutani mwake imefinyangwa siwa kwa chokaa. Wataalamu wa mambo ya kale wamekidhania kuwa mahali pa ibada ya mizimu au majini. Ikiwa dhana hiyo ni sawa, basi fundi yule hakutuachia uso wa aliyeabudiwa. Alituachia baragumu, chombo cha sauti.

Huenda msomaji akasema kuwa sababu ya haya ni dini, kwa kuwa Uislamu hauhimizi sanamu za viumbe. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, lakini haitoshi. Mafundi wa milango ya pwani yetu walichonga samaki, maua na minyororo kwa ustadi mkubwa, kwa hiyo mkono wa kuchora haukukosekana. Nadhani kumwacha jini bila uso kulikuwa pia ni hukumu ya sanaa. Kilichoonyeshwa chote huzoeleka, na kilichozoeleka hakitishi wala hakishangazi.

Je, kosa la nguva wa dukani ni ugeni wa sura yake? La, hasha. Katika miji ya Katanga, huko Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mitaani, wachoraji wa miaka ya 1970 walimchora sana Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki. Yeye naye ni mweupe, na nywele zake ni ndefu. Sura za jamii hii zina nasaba ya ajabu: picha ya mwanamke acheza na nyoka, iliyochapwa Hamburg katika miaka ya 1880, ilienea Afrika Magharibi ikawa sura ya Mami Wata, na mwaka 1955 ilichapwa tena Bombay, nakala 12,000. Lakini watu wa Katanga walimtundika Mamba Muntu katika vyumba vyao vya kupokea wageni, wakasimulia habari za mtu apataye mali kwake, na siri ambayo mtu huyo sharti aitunze. Uso ulikuwa wa kuazima, bali kisa kilikuwa chao.

Wala kuwauzia wageni si kosa. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alifanya kazi katika Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam, na kazi zake zilinunuliwa na kuonyeshwa ng'ambo. Mashetani wake wana masikio makubwa, midomo minene na matumbo yaliyotokeza. Hucheza, hubeba mizigo na huteta kama majirani. Sura zile zilitoka katika masimulizi na uchongaji wa mashetani wa Kimakonde, ambao mwanzo wake katika miaka ya 1950 hunasibishwa na Samaki Likankoa. Mnunuzi alipata picha, na Wamakonde hawakupoteza shetani wao.

Basi upungufu wa nguva yule ni kwamba hana msimulizi. Jambo hili si dogo. Nguva halisi, mnyama anyonyeshaye na alaye majani ya baharini, amekuwa adimu mno katika maji ya Tanzania, na nyavu ni sababu kubwa mojawapo. Mtoto wa Pemba wa leo yumkini atakua bila kumwona. Ikiwa na kisa cha nguva nacho kitakoma, atakachorithi ni yule bibi wa kwenye mwamba, na atadhani ndiye aliyejulikana na babu zake.

Simshauri mchoraji aache kazi. Namshauri aanze kwa kusikiliza. Na amchore Popobawa kwa kuchora wale waliolala nje, nyuso zao zikimulikwa na moto, na nyuma yao mlango wa nyumba ulioachwa wazi. Na aichore Misali na wavuvi wake wamesimama mikono mitupu, wakitafuta msala ambao hawana. Akitaka bawa, na aende akamtazame popo wa Pemba, mla matunda, ambaye hapatikani kwingine duniani, ajue jinsi ngozi ile inavyopitisha mwanga wa jua. Picha kama hiyo itanunuliwa na wageni vilevile. Na mzee wa Pemba akipita dukani, atasimama mbele yake, na huenda akasema: hapa umekosea, haikuwa hivyo, keti nikusimulie.