Sheria ya Miguu Miwili

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii ingefaa kubandikwa mlangoni mwa kila kongamano huria, ule mkutano wa mafundi usio na mgeni rasmi, usio na ratiba iliyochapwa wala orodha ya wasemaji. Watu hukutana asubuhi, kila mwenye swali huliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani, na ukuta huo ndio unakuwa ratiba ya siku. Mafundi wa usanifu wa matumizi, yaani wale wanaoamua kitufe kikae wapi, fomu ianze kuuliza nini na menyu ya simu iseme kwa maneno gani, wanaupenda sana mtindo huu. Na kwa kuwa hakuna ratiba, wengi hudhani hakuna la kuandaa: funga begi, panda gari, fika. Naona kinyume. Mkutano ambao mwenyeji hakuupanga humdai mgeni maandalizi makubwa zaidi, na maandalizi hayo ndiyo kiini cha ufundi wenyewe: kufuata nyayo za watumiaji kabla ya kufungua mdomo. Kwa fundi kijana wa Bulumbi, katika wilaya ya Busia upande wa Uganda, anayejiandaa kwenda kukaa na wenzake Kampala au Nairobi, shule ya ufundi huo iko kwenye njia anayoipita kila siku ya soko.

Asili ya mikutano hii inafaa kujulikana, maana haikuanzia maabara. Mmarekani Harrison Owen aliandaa mkutano mkubwa mwaka 1983, kazi iliyomla mwaka mzima, na mwishoni akatambua kwamba watu waliyafurahia zaidi mapumziko ya kahawa kuliko hotuba. Akakumbuka kijiji cha Balamah nchini Liberia, alikowahi kushuhudia sherehe za jando zilizochukua siku nne bila kamati ya maandalizi, na kila jambo likaenda kwa wakati wake. Kutokana na mawazo hayo alianzisha mwaka 1985 mtindo aliouita Nafasi Wazi, wenye kanuni chache na sheria moja tu: sheria ya miguu miwili. Ukijikuta mahali ambapo hujifunzi wala huchangii, itumie miguu yako uende kwingine. Miongo miwili baadaye, Agosti 2005, vijana wa kompyuta mjini Palo Alto, California, waliitisha kongamano huria walilolipa jina BarCamp, la kwanza, kwa maandalizi ya siku chache, na kabla ya muongo ule kwisha BarCamp ilikuwa imeshafanyika Nairobi. Mji huo ukapata kituo cha wabunifu wa teknolojia, iHub, mwaka 2010, ambayo baadaye ilikuwa na maabara yake ya usanifu wa matumizi. Kwa hiyo anayedhani kongamano huria ni desturi ya kigeni tuliyoazima aikumbuke Balamah. Wazo lilitoka kijijini Afrika, likazunguka dunia, likarudi.

Sheria ya miguu miwili Busia inajulikana tangu zamani, ila haijaitwa hivyo. Kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa rasmi Februari 2018 ili msafiri na mfanyabiashara wasimame upande mmoja tu badala ya kuhangaika pande zote mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara, ambapo mwenye bidhaa za asili ya kanda zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupata cheti chepesi cha uasilia papo hapo mpakani. Haya ni mambo mema, na walioyafanya wanastahili shukrani. Hata hivyo njia za panya hazijaota nyasi. Mama mwenye beseni la nyanya au gunia la mahindi bado anaweza kuchagua kichochoro, akakwepa mlango mpana uliojengwa kwa ajili yake. Afisa akitazama tu sheria ataona uvunjaji. Fundi wa usanifu anatakiwa kuona zaidi: kila unyayo kwenye njia ya panya ni maoni juu ya mlango mkuu. Huenda foleni inamlia saa za soko, huenda hajui kama fomu ipo, huenda anaiogopa kwa sababu lugha yake si ya nyumbani. Mguu umeshasema kuna kasoro. Kazi ya fundi ni kwenda kujua ni ipi.

Tena miguu ya mpakani hufanya zaidi ya kukosoa, husanifu. Neno boda boda, kama inavyosimuliwa, lilizaliwa hapa miaka ya 1960, pale waendesha baiskeli walipoona abiria wanashuka upande mmoja na kutembea kwa mguu eneo la katikati hadi upande wa pili. Keria ya nyuma ilikuwa ya mizigo. Mtu fulani, ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliiwekea mto wa kukalia, na chuma cha kubebea gunia kikawa kiti cha abiria. Ukiitazama kazi hiyo kwa jicho la fundi utaona hatua zote zinazofundishwa leo vyuoni: ameona watu wanapotaabika, ametumia kilichopo, amejaribu kwa gharama ndogo, abiria wamempa jibu kwa kupanda au kutopanda. Wazo likahamia kwenye pikipiki na likaenea kanda nzima. Anayetoka Busia kwenda kongamano la usanifu hapaswi kuingia kwa unyonge, kama anayekwenda kuomba elimu kwa wenyewe.

Fahari peke yake, lakini, haitoshi kubandika karatasi ukutani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kazi ya maandalizi ni kuwatafuta kunguni mmoja mmoja. Chukua simu ndogo ya tochi yenye laini mbili, moja ya Uganda na nyingine ya Kenya, chombo cha kawaida kwa muuzaji wa mpakani. Anataka kutuma pesa. Anapiga nyota, tarakimu, reli. Menyu mara nyingi inafunguka kwa maneno yasiyo ya lugha anayoongea nyumbani, iwe Lugwe, Lusamia au Ateso. Mwenye shida ya kusoma haisomi. Amekariri mpangilio: moja, kisha moja tena, kisha namba, kisha kiasi. Kidole kinajua njia kama mguu unavyojua kichochoro. Akisita kidogo kuhakikisha namba, muda wa menyu unakwisha na inabidi aanze upya. Siku kampuni ikiongeza huduma mpya na kuiweka juu ya orodha, moja ya jana si moja ya leo, na kidole kilichokariri kinakwenda pasipofaa. Aliyebadilisha menyu aliona anaboresha. Hakujua kwamba kwa mtumiaji wake menyu ni wimbo aliouhifadhi, na wimbo ukigeuzwa beti hauimbiki. Jambo kama hili halipatikani ofisini. Linapatikana kwa kukaa kibandani kwa wakala, kwa ruhusa, na kutazama vidole.

Kuna pingamizi la kwanza, tena zito: watumiaji hawajui wanachokitaka, na kama ufundi ni kuwasikiliza tu, tungeendelea kupanda baiskeli za mizigo. Jibu liko katika historia ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Mwaka 2005 majaribio yalipoanza kwa wateja wapatao 500 wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, Nairobi na Thika, lengo lilikuwa kurejesha mikopo midogo kwa simu.  Wateja walipewa chombo, wakatazamwa, na matumizi yao yakaonyesha njia nyingine: walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Urejeshaji wa mikopo, uliokuwa umefungamana na mikutano ya vikundi, ulionekana mgumu. Kutuma pesa kulionekana rahisi na muhimu. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Ni kweli mtu hawezi kuagiza kitu ambacho hajakiona. Lakini anachokifanya kwa mikono yake na mahali anapokwenda kwa miguu yake ni ushahidi, na fundi stadi huusoma ushahidi huo zaidi kuliko anavyosoma majibu ya dodoso.

Pingamizi la pili ni la gharama. Wengine watasema utafiti ni anasa ya kampuni kubwa, na fundi wa Busia hana fedha wala muda. Jakob Nielsen, mmoja wa wataalamu mashuhuri wa fani hii, alionyesha kwamba kujaribu chombo na watu watano tu hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi. Hesabu hiyo ina sharti: watano hao wawe wa kundi moja. Mpakani makundi ni mengi. Mwendesha boda boda, mbadilisha fedha, mkulima wa Bulumbi na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Busitema hawaishiki simu kwa namna moja. Hata ukichukua wachache kutoka kila kundi, hiyo ni kazi ya siku kadhaa na daftari moja. Linganisha na gharama ya fomu iliyochapwa kwa maelfu ambayo hakuna anayeijaza.

Pingamizi la tatu linanisumbua zaidi, kwa sababu lina ukweli. Kanuni mojawapo ya Owen inasema kwamba waliokuja ndio wanaofaa. Ni kanuni nzuri ya kumtuliza mwenyeji anayelalamika kwamba wakubwa hawakufika, lakini ina upofu wake: haimwoni asiyekuja kwa kukosa nauli, kwa kukosa wa kumwachia mtoto, kwa kutoijua lugha ya ukumbini. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini mikutano ya mafundi bado huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, na pasipo ratiba mwenye sauti kubwa hujitwalia saa nzima. Siwezi kulikana hilo. Ninachosema ni kwamba dawa yake ni maandalizi. Mwenye sauti ana maoni. Aliyejiandaa ana daftari, na maoni hunyamaza mbele ya jambo lililotazamwa vizuri. Pia wenye uwezo watenge nauli na fidia ya siku ya kazi kwa muuzaji mmoja au wawili, waje wajisemee. Sheria ya miguu miwili haina haki ikiwa miguu mingine haikuwezeshwa kufika.

Basi begi la fundi liwe na nini? Liwe na swali moja tu, lililoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, mathalani: menyu ikibadilika, aliyekariri anajuaje? Liwe na daftari linalotenganisha alichokiona na anachodhani, maana vikichanganyika hakuna atakayeamini kimojawapo. Liwe na michoro ya penseli ya skrini, kwa kuwa mchoro mbaya hualika mkono wa mwenzako urekebishe, na picha safi humfanya asifu akapita. Lisiwe na majina wala namba za simu za watu waliotazamwa; siri ya mtu haibebwi begini. Liwe pia na ahadi ya mrejesho: wale waliotazamwa waambiwe kilichosemwa juu ya shida yao, na wachorewe kilichopendekezwa, wakijaribu kwa vidole vyao.

Kwa sababu hiyo nauheshimu ufundi huu. Unamtaka msomi akae chini kibandani, amtazame mama akituma pesa, na akiri kwamba kosa la kidole chake ni kosa la aliyechora menyu. Ni adabu kabla ya kuwa taaluma. Na kipimo chake hakiko ukumbini penye makofi. Kiko siku mchoro uliosahihishwa utakaporudi Bulumbi na kuwekwa mkononi mwa mama yule yule: tazama kidole chake kinasita wapi, kisha tazama, siku ya soko, miguu yake inashika njia ipi.