Kasoro ya Jina "Udongo Mweupe"

Katika kufasiri maandishi ya ufundi, mara nyingi kaolini hupewa jina la "udongo mweupe", na udongo mwingine wote wenye kunata huitwa "udongo wa mfinyanzi". Nia ya wafasiri ni njema, kwani wamependa maneno ajuayo kila mtu. Lakini istilahi haipimwi kwa wepesi wake tu. Hupimwa kwa kutenga kitu na kitu, na hapo majina haya yashindwa.

Tuanze na kaolini. Jina hili latokana na Gaoling, karibu na mji wa Jingdezhen katika China, palipochimbwa udongo wa vyombo vya kauri. Madini yake makuu, kaolinaiti, yakiwa safi yana silika kadiri ya asilimia 46.5, alumina asilimia 39.5, na maji yaliyofungamana nayo asilimia 14. Matabaka yake yameshikana sana, hata maji hayapenyi kati yake. Kwa hiyo hayavimbi. Kaolini nyingi imo katika vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, imechanganyika na mchanga.

Montimorilonaiti, iliyopewa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa, ni kinyume chake. Matabaka yake yameshikana kwa ulegevu. Maji huingia kati na udongo huvimba, nao ukikauka hunywea na kupasuka. Madini haya ndiyo makuu katika bentonaiti, itumiwayo katika uchimbaji wa visima vya mafuta. Tena yamo katika udongo mweusi wa mbuga, ambao wakulima waujua kwa nyufa zake za kiangazi.

Basi rangi yatufaa nini? Bentonaiti nyingine ni nyeupe, na kaolini yenye chuma huwa na wekundu au umanjano. Naye mwashi asomaye katika kitabu kwamba mahali fulani pana "udongo wa mfinyanzi", atajuaje kama msingi wake utatulia au utainuliwa na mvua? Hapo kasoro ya neno yaweza kuwa ufa wa ukuta.

Kwa maoni yangu, "udongo wa mfinyanzi" libaki kuwa jina la jumla la udongo ufinyangikao, na majina ya madini yenyewe, kaolinaiti na montimorilonaiti, yapokewe kama yalivyo. Wako watakaosema kwamba twajaza lugha maneno ya kigeni. Lakini lugha yetu yenyewe yatufundisha kutazama tabia kabla ya rangi: mfinyanzi ameitwa hivyo kwa kazi ya kufinyanga, na wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Istilahi nazo ni vivyo hivyo: zikikaukia vitabuni na kasoro zake, kuzifinyanga upya ni kazi ngumu.