Kamera ya Kukodi na Fundi Wake

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipopiga The African Queen huko Kongo na Uganda, kamera aliyoitumia haikuwa mali ya waliogharimia filamu. Kamera za rangi za Technicolor, zilizopitisha mikanda mitatu kwa mpigo mmoja, hazikuuzwa. Zilikodishwa, zikafuatana na mafundi wa Technicolor, na mikanda ikasafishwa katika maabara zao wenyewe. Kampuni ya Panavision nayo hukodisha tu kamera zake hadi leo. Wengi huitaja mifano hii kuthibitisha kwamba hata wakubwa hukodi, sembuse kijana wa Kagondo anayepiga video za harusi. Mimi naisoma kinyume. Walichokodi wale ni fundi, karakana na kamera ya akiba, si chuma na vioo peke yake. Ondoa hivyo vitatu, ubakiwe na chombo cha kuazima chenye bei, ambacho kikianguka deni ni lako.

Ipo hesabu inayopendwa: gawanya bei ya kununua kwa kodi ya siku moja. Tuseme kamera iliyokwishatumika pamoja na lenzi yake ni shilingi milioni 3, na kodi ni 100,000 kwa siku. Jibu ni siku 30. Mwenye harusi mbili kwa mwezi hafikishi siku hizo kwa mwaka, basi ataambiwa akodi. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayefuata kamera mtaa wa pili asubuhi na kuirudisha jioni. Kamera inayotoka Mwanza hulala ziwani melini, hufanya kazi siku ya pili, na hurudi siku ya tatu, na mwenye mali anazihesabu zote. Kwa mpigaji wa Kagondo, iwe ya Muleba au ile ya Bukoba mjini, siku 30 zimekuwa kazi 10, yaani miezi mitano, na nauli sijaigusa. Tena harusi hazijagawanyika sawasawa katika mwaka. Wakati wa Kwaresima harusi za kanisani hupungua, Pasaka ikipita zinarundikana, na Desemba Wahaya waliotawanyika mijini hurudi nyumbani na shughuli zao zote. Jumamosi unayoihitaji kamera ndiyo kila mpigaji anaihitaji, na mkodishaji atawatazama kwanza wateja walio jirani naye.

Atakayepinga atasema kamera hupoteza thamani haraka kuliko pikipiki. Ni kweli. Canon EOS 5D Mark II ilitoka mwaka 2008 ikiuzwa karibu dola 2,700 bila lenzi, na leo haikaribii hata kidogo bei hiyo. Ila tazama kilichoishinda kazini. Picha yake bado ni safi kwa mteja atakayeitazama harusi yake kwenye simu. Kilichosumbua ni kwamba ilirekodi dakika 12 hivi kwa ubora wa juu, ikakata, na Misa ya ndoa haimsubiri mtu abonyeze tena. Kwa hiyo anayenunua aulize kwanza inarekodi mfululizo kwa muda gani na betri zake zinapatikana wapi; umri wa kamera uje baadaye. Pingamizi la mvua lina uzito zaidi. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo huotesha kuvu ndani ya lenzi. Mkodi hurudisha lenzi akalala; mwenye mali ndiye anayeamka na kuvu. Hapo sina jibu la kufuta hasara, lipo la kuipunguza tu: kasha lisilopitisha hewa, vifuko vya kunyonya unyevu, na lenzi kutumika kila wiki badala ya kufungiwa kabatini.

Pabakipo pa kukodi ni filamu yenyewe, ile yenye hati, waigizaji na fedha za mfadhili, inayodai kamera ambayo harusi haziwezi kuilipa. Hapo akodi, tena afuate mtindo wa Huston mpaka mwisho: nauli ya fundi, chakula chake na malazi yake Muleba viandikwe kwenye bajeti kabla ya lenzi ya kwanza.