Soma Boneti Kabla ya Mpira

Fundi akishafunga mpira wa silikoni nyekundu inayong'aa kuzunguka injini ya ndege ya Cessna 206, ili uzibe upenyo kati ya injini na boneti, watu wanamsifu. Juzi nimesikia kazi ya namna hiyo ikisifiwa mbele yangu, na mpira wenyewe umelala kinyume. Inaudhi!

Nyuki wetu wa msitu wa Mgori, hapa Singida, hawaachi ufa kwenye mzinga, huuziba kwa gundi. Injini ya IO-520 ya ndege hiyo nayo haivumilii ufa. Silinda zake 6 zinapozwa na upepo, na upepo huo sharti ushuke toka juu ukipita kwenye mapezi ya silinda hizo. Ukipata upenyo pembeni, hupita huko, silinda zikabaki zinaungua. Singida ni mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa nyepesi, na adhuhuri ya Oktoba ni moto mtupu. Silinda ikivuka nyuzi 204 za Selsiasi ndege inapopanda, mimi huanza kuutilia shaka mpira.

Chagua silikoni yenye kitambaa ndani, unene milimita 2 na nusu hivi. Isiyo na kitambaa hupepea mpaka ichanike. Tyubu ya tairi ni ya matapeli: ikipata oili huvimba na kulegea. Rangi si hoja. Ishikwe kwa ribiti na washa.

Lakini ushahidi uko kwenye boneti. Ivue, ipindue, mulika tochi kwa ndani. Mpira unaoziba huacha mstari mwembamba wa msuguano, kona hadi kona. Pale mstari unapokatika utaona michirizi ya oili na vumbi: hapo ndipo upepo unapotorokea. Kisha tazama ukingo wa mpira umeinamia wapi. Lazima uinamie ndani, kwenye shinikizo, ili upepo wenyewe uukandamize kwenye boneti. Ukiinamia nje, chini utaonekana umeziba vizuri. Angani upepo unaufungua.

Mzee aliyenifundisha aliwahi kuletewa ndege iliyopakwa rangi mpya ndani ya boneti, mstari wote umefunikwa. Akagoma kusaini. Akapaka chaki ukingo wa mpira, akafunga boneti, akafungua. Kona mbili za nyuma za boneti hazikuwa na chaki hata chembe.

Enzi zile tulikata karatasi kwanza, tukaijaribu kwenye kona, ndipo mkasi ukagusa mpira. Siku hizi vipande huja vimekatwa tayari, na visipofika mafundi wanaminya silikoni ya tyubu. Hiyo ni ya kuziba vitundu kati ya bati na bati zinazozunguka injini. Kwenye ukingo unaokutana na boneti haina kazi.