Spreya Ile Haikuwa na Kazi Pale

Injini iliwaka, watu wakapiga makofi, na video ikasambaa hadi kwetu tusioijua theluji. Mimi sikupiga makofi. Ile Ski-Doo Olympique, pikipiki ya theluji ya miaka ya 1970, iliyolala bandani Minnesota zaidi ya miaka 20, ilikuwa na afya nzuri zaidi asubuhi ilipokokotwa nje kuliko jioni fundi alipoifunika na kwenda zake.

Mazuri yake tuyamalize upesi: tanki liliondolewa na kuoshwa, mipira ya petroli ikabadilishwa, kiota cha panya kikatolewa kwenye feni ya kupoozea silinda, pointi zikasuguliwa hadi moto wa plagi ukawa wa buluu. Kazi safi.

Sasa tuje kwenye dakika yenyewe. Mmeiona. Amevuta kamba, amevuta tena, kimya. Akafungua plagi, akaiinua mbele ya kamera, na plagi ilikuwa kavu kabisa. Moto upo, mgandamizo upo, petroli mpya ipo tankini, plagi kavu. Hapo hata kijana wa wiki ya kwanza gereji angesema petroli haifiki, fungua kabureta. Na kabureta yenyewe ni Tillotson ya kiwambo. Ndani yake mna utando laini wa mpira unaopwita kwa kufuata msukumo wa krenki, na ndio unaovuta petroli. Utando huo ukikaa mkavu miaka 20 unakakamaa kama kadi. Haupwiti tena. Kuufikia ni suala la skrubu chache na kuubadilisha ni kazi ya muda mfupi.

Yeye akachukua kopo la spreya ya etha ya kuwashia injini.

Nimeshaandika mara nyingi kuhusu makopo haya, na wasomaji wengine wamenichoka, lakini nitarudia hadi nitakapoacha kuyaona kwenye sanduku la zana. Tu-stroki kama hii haina oili iliyotulia chini ya krenki kama injini ya gari. Oili yake yote inasafiri ndani ya petroli. Mchanganyiko unapita kwanza kwenye krenkikesi, unalowesha beringi za krenki na za konrodi, unapanda kwenye poti za silinda, unalainisha pistoni, ndipo unapoungua. Ukiinyima mchanganyiko huo ukaipa etha, umeipa moto bila oili. Tena etha ni kiyeyushi, kwa hiyo hata utando wa oili uliobaki kwenye kuta za silinda tangu enzi hizo unaoshwa. Ni sawa na kumfuturisha aliyefunga kwa pilipili.

Sikilizeni tena injini ilipowaka mara ya pili. Mkono wa fundi hauko kwenye aksileta, lakini sauti inapanda yenyewe, nyembamba, kali. Fundi anacheka. Sauti ile inasema hewa ni nyingi na petroli ni chache. Sababu inaweza kuwa jeti zilizoziba, inaweza kuwa sili za krenki zimekauka na zinavuta hewa pembeni, na huwezi kujua ni ipi mpaka uzibe milango ya kuingilia na kutokea, upige presha kidogo, paundi 5 au 6 tu, kisha utazame kama geji inashuka. Hakupima. Alipuliza mara ya tatu, safari hii ndefu zaidi, akaishika injini kwenye resi za juu ili, kwa maneno yake, isafishe koo. Pistoni ni ya aluminiamu, ukuta wa silinda ni wa chuma. Aluminiamu hutanuka zaidi kwa joto. Nafasi iliyopo kati yao inaisha, pistoni inaanza kukwaruza ukuta, na hicho kimlio cha ghafla kilichosikika kabla hajazima, ambacho wengi wamedhani ni mkanda wa klachi, mimi sidhani ni mkanda.

Watetezi wake wanasema alitaka tu kujua kama injini ina uhai kabla ya kuingia gharama. Sawa. Basi angemimina kijiko kimoja cha petroli iliyochanganywa oili kwenye tundu la plagi, akafunga, akavuta. Ingewaka sekunde mbili tatu na kumpa jibu lilelile, ikiwa na oili yake.

Mafundi wa mashine za boti pale Tanga na Mombasa walilijua hili. Yamaha ikidondoka baharini, waliiosha kwa maji baridi siku hiyohiyo, wakamimina oili kwenye tundu la plagi, wakaizungusha kwa mkono, wakafungua kabureta juu ya beseni. Kamba ilikuwa jambo la mwisho. Nakumbuka mwenye boti mmoja aliyepuliza spreya kwa siri usiku, asubuhi akaleta injini imeshika, akadai fundi ndiye aliyeiua na hakulipa senti. Jina lake nalihifadhi.

Na huko kwenyewe kwenye theluji hawakosi wa kuigwa. Machi 1968, Ralph Plaisted, muuza bima wa Minnesota, aliondoka kisiwa cha Ward Hunt, Canada, na Ski-Doo zenye injini ndogo za tu-stroki. Aprili 19 yeye na wenzake walikuwa kwenye Ncha ya Kaskazini, na ndege ya jeshi la Marekani ikathibitisha mahali walipo. Fundi wao alikuwa Walt Pederson. Katika baridi ile, juu ya barafu inayopasuka, injini ikiharibika ni uhai wa watu. Huyu wetu alikuwa na banda, taa, meza, na siku nzima.

Jambo moja dogo, kwa kuwa nimeanza kulalamika. Petroli ya kawaida ya Minnesota ina ethanoli asilimia 10 kwa mujibu wa sheria, na ethanoli hunyonya maji ikilazwa. Sheria hiyohiyo inaruhusu kuuza petroli isiyo na ethanoli kwa ajili ya boti, injini ndogo na pikipiki za theluji. Yeye alijaza ya kawaida. Na mashine itarudi bandani masika.

Bwana fundi, kama unasoma au kuna anayekusomea: usivute kamba ile tena. Fungua ekzosi, mulika tochi kwenye poti, zungusha krenki taratibu kwa mkono na utazame ubavu wa pistoni. Ukikuta michirizi ya wima, vua silinda, weka pistoni na ringi mpya, na sili za krenki badilisha zote mbili.